Maswali ya mvua ya Tanga: utabiri, mawingu na kopo la kupimia

Haya ndiyo maswali ninayoulizwa kila masika, mengine barazani, mengine kwa simu usiku na mtu ambaye kesho ana shughuli. Nakaa Sahare, mjini Tanga, nina kopo la kupimia mvua uani na daftari lililokwisha lowa mara mbili. Maswali yanaanzia kwenye mambo ya kila siku na kuishia kwenye yale ambayo watu huuliza kwa sauti ya chini. Mahali jibu limeshatolewa, nimekuelekeza kwenye namba yake.

## Kusoma utabiri

1. Utabiri umesema mvua, kwangu halikudondoka hata tone. Wamekosea?

Huenda hawakukosea. Utabiri wa kila siku wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) husomwa kwa mafungu ya mikoa, na Tanga mara nyingi hufungwa pamoja na Dar es Salaam, Pwani, Morogoro, Unguja na Pemba. Mkoa wa Tanga peke yake una zaidi ya kilomita za mraba 26,000, toka mikoko ya Mkinga hadi milima ya Lushoto na nyika ya Kilindi. Wingu moja la mvua ya alasiri lina upana wa kilomita chache tu.

Novemba moja kopo langu lilikutwa na milimita 22 asubuhi. Nikampigia shemeji yangu wa Pongwe kumpa pole ya tope. Akacheka, akaniambia anamwagilia mchicha. Kati yetu ni mwendo wa daladala moja, na utabiri wa siku ile ulikuwa sahihi kwetu sote wawili: ulisema "mvua katika maeneo machache". Mimi nilikuwa katika hayo machache, yeye hakuwemo.

Kosa lenyewe ni utabiri kusema "maeneo mengi" halafu mkoa mzima ukalala mkavu. Hutokea, ila si mara nyingi kama tunavyolalamika.

2. "Maeneo machache", "vipindi vya mvua", "hali ya mawingu kiasi": maneno haya yana maana yoyote au ni mapambo?

Yana maana, na yanajibu maswali mawili tofauti. "Maeneo machache", "baadhi ya maeneo" na "maeneo mengi" yanajibu *wapi*: ni kiasi gani cha eneo lililotajwa kitapata mvua. "Vipindi" linajibu *lini*: mvua itakuja na kukatika, haitakaa kutwa. Kwa hiyo "vipindi vya mvua katika maeneo machache" ni habari tofauti kabisa na "mvua katika maeneo mengi", ingawa zote tunazipokea kwa kusema "wamesema mvua".

Kuna neno moja la kushikwa kwa uzito wake: "mvua kubwa". TMA wanapolitumia wanakusudia mvua inayozidi milimita 50 ndani ya saa 24. Likitajwa, angalia mtaro wa mbele ya nyumba kabla ya kulala.

3. Milimita 50 ni maji kiasi gani?

Milimita 1 ya mvua ni lita 1 ya maji juu ya kila mita 1 ya mraba. Basi. Chukua paa la bati la mita 6 kwa 10, yaani mita 60 za mraba. Mvua ya milimita 25 inamwaga juu yake lita 1,500, ndoo 75 za lita 20. Toa zinazomwagika kwenye maungio ya mfereji, bado zinabaki za kufulia wiki nzima.

Kupima nyumbani ni rahisi. Tafuta kopo lenye pande zilizonyooka, liweke mahali pa wazi mbali na mti na ukingo wa paa, pima kina cha maji kwa rula ya mtoto wa shule. Pima saa tatu asubuhi kila siku, kwani vituo vya hali ya hewa navyo husoma saa hiyo, na mvua ya usiku huandikwa ndani ya saa 24 zilizoishia hapo. Chupa iliyobanwa kiuno itakudanganya. Mimi ilinidanganya masika nzima.

Jambo ambalo milimita peke yake hazisemi ni muda. Milimita 50 zilizonyesha taratibu toka magharibi hadi alfajiri mchanga huzinywa. Milimita hizo hizo zikishuka kwa saa moja, mitaro ya Ngamiani inafurika na barabara zinageuka vijito.

4. Wakisema "saa 24 zijazo", zinaanza lini?

Utabiri wa jioni huanzia saa tatu usiku wa siku hiyo na kuishia saa tatu usiku wa kesho yake. Watu wengi husikia "kesho" wakafikiria mchana wa kesho tu. Mvua ikishuka saa nane usiku na asubuhi jua likawaka, wanasema utabiri umekosea, kumbe mvua ilikuja wakiwa wamelala. Kwa hapa pwani kosa hili ni la kawaida sana, na sababu yake iko katika swali la 8.

## Mvua inavyopikwa

5. Mvua inatengenezwaje?

Funua sufuria ya maharage inayochemka uangalie upande wa chini wa kifuniko. Kuna vitone vidogo vimeganda vimetulia. Inamisha kifuniko: kitone kimoja kinateleza, kinameza cha jirani, kinakuwa kizito, kinakimbia na kuwazoa wenzake wote njiani. Karibu nusu ya maelezo ya mvua yetu iko pale.

Hewa ya baharini imejaa mvuke. Ikipandishwa juu, na jua, na mlima, au na upepo mwingine uliokuja kuisukuma, inatanuka na kupoa. Kabla wingu halijatokea hupoa karibu nyuzi 1 ya Selsiasi kwa kila mita 100. Inafika mahali mvuke hauwezi tena kubaki mvuke, unaanza kushika kwenye chembe zilizomo hewani: chumvi ya bahari, vumbi, moshi wa majani yanayochomwa shambani. Bila chembe hizo ingekuwa kazi ngumu sana. Hapo ndipo wingu linapozaliwa.

Lakini wingu si mvua. Kitone cha wingu kina upana wa kama sehemu 2 za mia za milimita, chepesi kiasi kwamba hewa inayopanda inakibeba tu. Ili kupata tone moja la mvua lenye upana wa milimita 2 unahitaji vitone hivyo kama milioni moja. Vinaunganaje? Kwa njia mbili.

Ya kwanza ni ile ya kifuniko: vikubwa vinaanguka haraka kidogo, vinagonga vidogo na kuvimeza. Wingu halihitaji barafu yoyote, wala kuwa refu sana. Mvua nyingi za kusi (upepo wa kusini) zinazotujia toka baharini ni za namna hii, na ndiyo maana zinaweza kukunyeshea bila ngurumo, kutoka wingu ambalo halikutishi.

Ya pili inahitaji kimo. Juu ya Tanga, joto hushuka hadi nyuzi 0 karibu kilomita 5 kwenda juu. Wingu likivuka hapo, ndani yake kunakuwa na punje za barafu pamoja na vitone vya maji vilivyopoa kupita kiwango cha kuganda lakini bado ni maji. Mvuke hupendelea kushika kwenye barafu kuliko kwenye maji. Basi barafu inanenepa huku vitone vikikonda, mpaka punje inakuwa nzito na kuanguka. Ikipita kwenye hewa ya joto iliyo chini inayeyuka. Tone kubwa la baridi linalokupiga shingoni alasiri ya vuli kabla ya ngurumo huenda dakika chache nyuma lilikuwa barafu.

6. Manyunyu, rasharasha na mvua yenyewe: tofauti ni ukubwa wa tone tu?

Ukubwa wa tone, ndiyo, lakini ukubwa huo unakuambia habari za wingu. Manyunyu ni matone yasiyofika nusu milimita. Yanatoka kwenye wingu jembamba lililotanda, ambalo halina nguvu ya kuyashikilia yakue. Rasharasha ni jina la mvua nyepesi ya kupita, ya kukulowesha mabega. Matone makubwa machache yanayoanza kwa kishindo juu ya bati yanatoka kwenye wingu refu lenye hewa inayopanda kwa nguvu.

Tone la mvua, kwa njia, halina umbo la machozi kama linavyochorwa. Dogo ni mviringo. Kubwa limebonyea chini, kama andazi. Likizidi milimita 5 au 6 hewa inalipasua.

7. Kwa nini Amani kunanyesha kila mara na Mkomazi kukame, na zote ni Tanga?

Kwa sababu ya Milima ya Usambara, na hesabu yake inapendeza. Tuseme hewa inayotoka baharini ina joto la nyuzi 30, na ingelazimika kupoa hadi nyuzi 24 ili umande uanze kushika. Tofauti ni 6. Kila nyuzi 1 ya tofauti hiyo ni kama mita 125 za kupanda kabla wingu halijatokea: 6 mara 125 ni mita 750. Muheza iko chini ya hapo, kwa hiyo mkulima wa machungwa anaona wingu juu ya kichwa chake. Amani iko karibu mita 900. Amani iko *ndani* ya wingu. Nguo ulizoanika juzi bado zina ubichi na miti inadondosha maji hata siku isiyo na mvua.

Amani hupata karibu milimita 1,900 kwa mwaka. Si bure Wajerumani waliweka kituo chao cha utafiti wa mimea pale mwaka 1902.

Hewa ikishamwaga maji yake upande wa bahari, inavuka na kuteremka upande wa pili. Ikiteremka inapata joto na mawingu yanayeyuka. Ndiyo maana ukishuka toka Lushoto kwenda Mombo na kuelekea Mkomazi, masikio yanaziba, koti linavuliwa, na nje ya dirisha migomba inageuka miiba na mkonge.

8. Mbona mjini mvua inapenda kunyesha alfajiri, na ndugu zetu wa Handeni wanaipata alasiri?

Usiku nchi kavu inapoa haraka kuliko bahari. Hewa ya bara, nzito na baridi, inateleza kuelekea baharini. Wavuvi wanaita upepo huo umande, na ndio unaowatoa ngalawa na mashua alfajiri. Huko baharini unakutana na kusi inayokuja kinyume chake. Pepo mbili zikikutana uso kwa uso, hewa haina pa kwenda ila juu. Mawingu yanaota kwenye maji kati yetu na Pemba, na kusi inayaleta ufukweni kabla ya jua kuchomoza.

Mchana mambo yanageuka. Nchi kavu inapata joto, upepo wa bahari unaingia ndani, na mahali unapokutana na hewa ya bara ndipo mawingu yanapopanda. Kufikia alasiri mstari huo umeshasogea Muheza, Korogwe, Handeni. Mjini jua linawaka.

Kwa anayeanika dagaa au mwani hii ni habari ya pesa. Utabiri ukisema vipindi vya mvua wakati wa kusi, usitandaze chanja saa kumi na mbili asubuhi kwa sababu anga la juu yako ni jeupe. Tazama upande wa Pemba. Pakiwa na ukuta mweusi chini kabisa, ngoja. Mimi niliwahi kutandaza mwani wa mtu kwa kujiamini, tukauanua mbio, na mwani uliolowa maji ya mvua unapoteza rangi na bei.

9. Mvua ya mawe inatoka wapi, na mbona Lushoto wanaipata kuliko sisi?

Inatoka kwenye wingu la radi lenye hewa inayopanda kwa nguvu sana. Punje ya barafu inaanguka, inasukumwa tena juu, inagonga vitone vya maji vilivyopoa, vinagandia juu yake. Inaendelea kunenepa hivyo hadi hewa inashindwa kuibeba. Ukilipasua jiwe kubwa unaweza kuona tabaka, kama kitunguu.

Mawe hayo huanza kuyeyuka yakishavuka kimo cha nyuzi 0. Mpaka yafike mjini Tanga yana karibu kilomita 5 za hewa ya joto. Lushoto iko karibu mita 1,400 juu ya bahari, safari ni fupi zaidi na hewa ni baridi zaidi. Kabeji zinaumia kwa sababu hiyo.

10. Theluji inaweza kuanguka Tanga?

Hapana. Theluji huanguka juu kabisa ya Kilimanjaro, mita 5,895, kwa sababu kilele kimevuka kimo kilichotajwa katika swali la 5. Usambara haifiki hata nusu ya hapo.

11. Umande na ukungu vinahesabiwa kama mvua?

Umande hauanguki toka juu. Usiku usio na mawingu, bati, majani na kiti cha pikipiki hupoteza joto lao, na hewa inayovigusa inaacha mvuke wake hapo hapo. Ndiyo maana usiku wa mawingu umande huwa mchache: mawingu yanafanya kazi ya blanketi. Ukungu ni wingu lililokaa chini. Kopo langu halijawahi kupata hata milimita moja ya umande, lakini msitu wa Amani unakunywa ukungu kila siku kupitia majani yake.

## Misimu

12. Masika, vuli, mchoo: ipi ni lini?

Masika ni Machi hadi Mei, na hapa Tanga Mei mara nyingi ndiyo inayoongoza. Vuli ni Oktoba hadi Desemba. Kinachozileta ni ukanda mvua, mahali pepo za kaskazini na za kusini zinapokutana, ambao husafiri ukilifuata jua na kutupitia mara mbili kwa mwaka. Mikoa ya kusini na magharibi inapata msimu mmoja mrefu, Novemba hadi Aprili, kwa hiyo usimshangae mtu wa Songea akikuambia Januari ndiyo mvua.

Mchoo ni ile mvua ya katikati, ya Julai na Agosti, wakati wa kipupwe. Haitajwi sana kwenye taarifa za msimu, lakini bibi zetu waliijua kwa jina na kupanda mboga kwa ajili yake. Inaletwa na kusi yenyewe, kwa njia ya swali la 8.

13. "Wastani hadi juu ya wastani" maana yake nini?

Wastani ni mvua ya miaka mingi ya mahali hapo, kwa kawaida miaka 30. Mvua ya msimu ikiwa kati ya asilimia 75 na 125 ya kiasi hicho, inaitwa ya wastani. Ikizidi 125 ni juu ya wastani. Ikipungua 75 ni chini ya wastani.

Kwa hiyo "wastani" ya Amani na "wastani" ya Mkomazi ni vitu viwili visivyofanana. Tena, jumla ya msimu haisemi chochote juu ya mpangilio. Mvua zote zinaweza kushuka wiki tatu za mwanzo, mahindi yakachanua kwenye ukame, na mwisho wa msimu daftari likasoma "wastani". Mkulima aangalie pia tarehe za kuanza na kukoma, ambazo hutolewa pamoja na mwelekeo wa msimu.

14. Kila mvua kubwa ni El Niño?

Siyo, ingawa tangu ile ya 1997/98 jina limebaki midomoni. El Niño ni joto lisilo la kawaida la maji ya Bahari ya Pasifiki, na hapa kwetu huongeza zaidi mvua za vuli. Jirani yetu Bahari ya Hindi ina mchezo wake: maji ya upande wa Afrika yakiwa na joto kuliko ya upande wa Indonesia, tunanyeshewa hata Pasifiki ikiwa imetulia. Vuli ya 2019 ilikuwa hivyo.

15. Wazee walitumia Kilimia (lile kundi la nyota) na Nairuzi (mwaka mpya wa Waswahili). Vinafanya kazi bado?

Vinafanya, kwa kazi yake. Wazee wanasema: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Nyota hizo hupotea machweo wakati wa masika na kuonekana tena alfajiri masika ikiwa imekwisha. Hiyo ni kalenda, na ni nzuri. Inakuambia msimu umefika wapi. Haiwezi kukuambia kama mwaka huu mvua itachelewa wiki mbili.

Hesabu ya Nairuzi, ile ya miongo ya siku kumi kumi, ina kasoro moja ya kimya: mwaka wake ni siku 365 kamili, bila siku ya ziada kila mwaka wa nne. Inateleza siku moja kila miaka minne. Mwongo aliotajiwa babu na babu yake sasa umesogea wiki kadhaa.

## Tahadhari na bahari

16. Rangi ya njano, chungwa na nyekundu zinapangwaje?

Njano ni angalizo, chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Rangi haipimi mvua peke yake. Inachanganya mambo mawili: uwezekano wa jambo kutokea na ukubwa wa athari likitokea. Njano inaweza kumaanisha athari ndogo yenye uwezekano mkubwa, au athari kubwa yenye uwezekano mdogo. Soma mistari iliyo chini ya ramani, imeandikwa humo.

Kwa pwani, angalizo la kawaida ni la "upepo mkali unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita mbili". Wa nchi kavu huona ni upepo tu. Nahodha wa ngalawa anaelewa.

17. Kimbunga kinaweza kufika Tanga?

Ni nadra. Kimbunga kinahitaji mzunguko wa dunia kukisaidia kujizungusha, na msaada huo unafifia karibu na ikweta. Sisi tuko nyuzi 5 tu kusini yake. Lakini nadra si kamwe. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliivunja Unguja na kuing'oa mikarafuu yake, na Bagamoyo nayo ikapigwa. Mei 2024 Hidaya kilitua Mafia. Jobo, Aprili 2021, kilipungua nguvu kabla ya kutufikia.

Kimbunga kilicho mbali nacho kina neno. Kikikaa Msumbiji au karibu na Madagaska kinaweza kuvuta unyevu wetu wote kuelekea kwake, tukabaki na siku kadhaa za jua katikati ya masika.

18. Radi iko umbali gani? Na vioo vifunikwe?

Ukiona umeme, hesabu sekunde mpaka ngurumo, gawa kwa 3: hizo ni kilomita. Sekunde 30 ni kama kilomita 10, na tayari ni karibu vya kutosha kuingia ndani. Subiri nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho. Vioo na nguo nyekundu haviiti radi. Mwembe uliosimama peke yake uwanjani, mnazi, na kuwa mtu mrefu kuliko vyote ndani ya mashua, hivyo ndivyo vinavyoiita.

19. Bamvua ni aina ya mvua?

Hapana, ni maji makuu ya bahari, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu. Nimeliweka hapa kwa sababu vinakutana: mvua kubwa ikishuka maji ya bamvua yakiwa yamejaa, mitaro inayoelekea baharini haina pa kumwaga. Siku hizo usiangalie utabiri wa mvua tu, angalia na saa ya maji kujaa.

## Maswali ya pembeni

20. Programu ya simu inasema asilimia 60 saa tisa kamili. Niiamini kuliko TMA?

Programu nyingi zinachukua namba moja kwa moja toka kwenye kompyuta za ng'ambo, ambazo huigawa dunia kwa miraba ya kilomita 9, nyingine zaidi. Mraba mmoja unaweza kuwa nusu bandari nusu Raskazone, na kompyuta inaupa jibu moja. Saa kamili inayoandikwa ni ya kutilia shaka zaidi kuliko asilimia. Mtaalamu wa hapa anaziona namba hizo hizo, anajua kusi inavyofanya alfajiri, ndipo anaandika. Kwa tahadhari, TMA ndiyo iliyopewa kazi hiyo kisheria.

21. Rada haiwezi kuona mvua inayotujia?

Rada ya Dar es Salaam iko kama kilomita 200 kutoka hapa. Mwali wake unakwenda karibu mnyoofu, dunia inapinda. Ukifika Tanga umeshapanda kilomita kadhaa. Wingu la radi refu utalikamata. Wingu fupi la kusi la swali la 5 linapita chini yake. Satelaiti inatupiga picha kila dakika 15, lakini inaona vilele vya mawingu, si kinachodondoka.

22. Mvua inaweza kufungwa siku ya harusi?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini na watu wa kila elimu. Wakilindi, watawala wa Usambara waliokaa Vuga, walisifika kwa nguvu ya mvua, na sifa hiyo ilikuwa sehemu ya enzi yao. Sijadili enzi. Nafanya hesabu: siku yenye uwezekano wa mvua wa asilimia 30, anayechukua pesa kuifunga atafaulu mara 7 katika 10 hata akilala. Zile 3 ataambiwa mtu alikiuka mwiko.

Hata ndege zinazomwaga kemikali mawinguni haziwezi kuunda wingu. Zinakamua lililopo, na ni vigumu kujua lingemwaga kiasi gani lenyewe.

23. Basi nikodi turubai?

Harusi ikiwa Mei, kodi, na uliza kama lina kuta za pembeni. Februari, weka pesa kwenye feni. Novemba jioni mjini huwa na nafuu kuliko Novemba alfajiri, kwa hiyo kinachohitaji kufunikwa zaidi ni jiko la wapishi wa pilau, wanaoanza saa tisa usiku.